Magazini za bastola ya bei nafuu: zinakwama wapi na nimezirekebishaje

Bastola yenyewe ni ya milimita 9, magazini yake (kasha la kubebea risasi) ni ya bati, ya risasi 10 zilizopangwa mstari mmoja, na inalenga vizuri kuliko bei yake. Lawama nyingi inazobebeshwa ni za magazini. Bati limekunjwa na kuchomelewa haraka, kisukumaji cha ndani, kinachopandisha risasi, ni cha plastiki chenye kingo za kukwaruza, na springi ni laini. Karibu yote hayo yanarekebishika nyumbani, ila kabla hujashika tupa, chukua rangi ya kucha uzipe magazini zako namba. Kila risasi inapokwama, andika namba ya magazini na risasi ilikuwa ya ngapi. Kosa likifuata magazini namba 2 peke yake, ni la magazini. Likitokea kwa zote, tazama bastola au aina ya risasi, wala usiguse bati.

Hiyo hesabu ya "ya ngapi" inaeleza mengi. Risasi mbili za mwisho zikikwama, au slaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma na mbele) ikagoma kubaki nyuma magazini inapoisha, shuku springi, kwa sababu hapo ndipo imenyooka zaidi na kusukuma kwa nguvu ndogo. Slaidi inawahi kurudi kabla risasi haijapanda, ama inaipita juu kabisa. Ikikwama ile ya kwanza magazini ikiwa imejaa, basi msukumo umezidi. Kwa magazini mpya mimi hupakia 9 hadi springi ilegee kidogo.

Kabla ya kufungua chochote, toa magazini, vuta slaidi, kagua chemba (chumba cha mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa) kwa macho na kwa kidole, na risasi halisi zikae chumba kingine. Kufungua magazini ni kubonyeza kile kidude cha chini na kutelezesha kitako, kidole gumba kikiwa kimeziba. Vaa miwani, springi inaruka. Ipige picha kabla ya kuitoa, maana ukiirudisha kinyume kisukumaji kitainamisha pua na risasi zitagonga ukuta wa mbele.

Sasa ingiza kisukumaji peke yake, bila springi, na ugeuze kasha juu chini. Kinatakiwa kuteleza kwa uzito wake. Kikisita, mara nyingi kinakwaruza mshono wa kuchomelea ulio ukuta wa nyuma. Zungushia kijiti msasa namba 600, sugua mshono hadi kidole kisisikie kinundu, malizia na 1000. Kingo za plastiki nazo zinahitaji kuguswa kidogo tu. Tundu la ndoana inayoishika magazini ndani ya bastola likague pia: likilika, magazini inakaa chini kidogo na slaidi inaanza kuzikosa risasi.

Midomo ya juu, yaani kingo mbili zinazozuia risasi zisichomoke, ndiyo kazi ya subira. Pima upana wake kwa kalipa mbele, katikati na nyuma, kisha linganisha na magazini isiyokwama kamwe. Hiyo ndiyo rula yako. Midomo ikipanuka, risasi inachomoka mapema pua ikiwa juu, au zinapanda mbili pamoja. Ikibana mno, pua inabaki chini na kujikita kwenye njia ya kuingilia chemba. Kunja kwa koleo lililofungwa ngozi, 0.1 mm kwa mara moja, pima tena. Ukiona ufa kwenye kona ya nyuma ya mdomo, tupa magazini. Midomo ya plastiki haikunjwi.

Springi sivuti kuirefusha, kwani nguvu hiyo haidumu. Nanunua mpya, na kwa maoni yangu hakuna kipuri kinacholipa zaidi. Kinachoichosha hasa ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi, au kubanwa kupita kiasi kilichokusudiwa, kuliko kukaa imejaa.

Ndani safisha kwa brashi na kitambaa kikavu. Mafuta hapana: yanakamata vumbi na masizi ya baruti, na yakipenya kwenye kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, risasi inaweza kugoma kulipuka.

Jaribu kwanza na risasi bandia, ukivuta slaidi hadi nyuma kabisa na kuiachia; ukiisindikiza kwa mkono utapata kukwama kusiko kwa kweli. Kisha nenda uwanja wa shabaha, risasi zisizopungua 50 kwa kila magazini, na zile zenye pua ya shimo uzipime peke yake kwa sababu zinachagua magazini zaidi kuliko za pua ya mviringo. Magazini inayokwama mara mbili kwa namna ileile baada ya yote haya naichora msalaba. Inafaa sana kwa mazoezi ya kuondoa risasi iliyokwama.