Mtori Wenye Tui: Chakula cha Krismasi kwa Mtu wa Moshi Aliyebaki Mombasa

Kwetu sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukifika Desemba hakuna anayeulizwa anakwenda wapi, kwa maana jibu linajulikana. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam hujaa, maduka ya watu wetu Kariakoo hufungwa, na kila mtu hurudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yake kula mbuzi, kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kusikiliza kesi za ukoo zilizolimbikizwa tangu Januari. Mimi mambo hayo nimeyakosa kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Mombasa, na meli haina sikukuu. Ugenini kwangu wala si mbali: ukishika barabara ya Voi na Taveta asubuhi, ukavuka mpaka hapo Holili, jioni unakula Moshi. Lakini ruhusa ya siku moja humfikisha mtu nyumbani bila kumrudisha kazini, kwa hiyo hubaki.

Krismasi ya 2023 niliila katika hoteli moja ya ufukweni upande wa Nyali. Kulikuwa na bufee ndefu, mti wa plastiki uliopambwa kwa pamba ya kuigiza theluji katika joto la kaskazi, na bata mzinga mkavu aliyehitaji maji kila baada ya tonge mbili. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kwa hiyo mwaka 2024, dereva mmoja wa lori kutoka kwetu aliponiambia kwamba kuna mkahawa mdogo Tudor unaoendeshwa na mama wa Kichagga aliyeolewa Mombasa, sikungoja kuambiwa mara ya pili. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilitangaza chakula cha mchana cha Krismasi: mtori, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), ndafu na pilau, shilingi 1,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, malipo ya awali kwa M-Pesa. Nilizidisha kwa ishirini, kama tufanyavyo Watanzania wote tukiona bei ya Kenya, nikaguna, nikalipa.

Mkahawa una meza tisa na feni mbili, moja ikiwa imekufa. Siku hiyo, Jumatano, meza zote zilikuwa zimejaa: Watanzania wa bandarini kama mimi, Wataita waliotoka ibadani wakiwa bado na nguo zao za kanisani, familia moja ya watu wa bara walioshuka kwa treni kuja kuona bahari, na majirani Waislamu waliofuata pilau na kukaa kwa mazungumzo. Tuliahidiwa kuandaliwa saa saba. Sahani ya kwanza ilifika saa nane na nusu, na kijana aliyeileta alisema, "Tuwie radhi, ami, jikoni kumekaza," kwa adabu iliyonifanya niache maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Hata hivyo, saa moja na nusu ni muda mrefu kwa mtu aliyeacha kunywa chai asubuhi ili kulinda nafasi tumboni, na mkahawa unaochukua fedha mapema unapaswa kujua idadi ya watu unaowapikia.

Sasa nije kwenye mtori, kwa sababu ndio ulionipeleka. Mtori hupikwa kwa ndizi na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, na ndizi yenyewe ni mshare, ambayo ikichemka pamoja na mchuzi wa nyama huyeyuka, ukaiponda kwa mwiko mpaka ikawa uji mzito wa rangi ya kijivu, usiopendeza macho hata kidogo. Bakuli lililowekwa mbele yangu lilipendeza macho. Lilikuwa jeupe kama maziwa ya mgando, juu likiwa na utando wa mafuta uliong'aa, na kabla sijainua kijiko harufu ya tui la nazi ilikuwa imekwisha kunifikia. Ndani, vipande vya ndizi vilikuwa bado vinajitambua. Nilikiponda kimoja kwa mgongo wa kijiko na kikanirudishia ubishi. Nyama, lazima niseme, ilikuwa laini na imeiva hadi kwenye mfupa. Nililimaliza bakuli lote, na chumvi yake ilikuwa sawasawa. Ni supu nzuri ya ndizi, ambayo ningeiagiza siku yoyote kama ingeitwa kwa jina lake, lakini bibi yangu asingekubali kuiita mtori.

Mama mwenye mkahawa alipopita kwenye meza zetu nilimwamkia, naye alipoisikia lafudhi yangu alivuta kiti akakaa. Nilimuuliza habari ya tui. "Mwanangu," alisema, "mshare wangu uko njiani kutoka Taveta tangu juzi, gari halijafika. Nimepika ndizi za soko la Kongowea, na mpishi wangu ni Mdigo. Kaziona ngumu, kazitia dawa anayoijua." Alicheka, nami nikacheka, kwa sababu maelezo yalikuwa ya kweli na hakujaribu kuyapamba.

Ndafu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, huletwa mbele ya watu akiwa na kichwa chake na majani mdomoni, kisha hukatwa na kugawiwa kwa heshima, kwani katika ukoo wetu kila kiungo kina mwenyewe na kukosea mgao ni kutafuta kesi. Hapa mbuzi alikuja tayari amekatwakatwa kwenye sinia, bila kichwa, na kila meza ikapewa vipande kwa kadiri ya idadi ya watu. Alichomwa vizuri, ngozi ikipasuka kwa meno, pilipili ya kukaanga ikiwa pembeni. Hiyo ni nyama choma, na Mombasa nyama choma haikosekani. Kiburu kilikuwa cha kawaida, maharage yakizidi ndizi. Mbege haikuwapo kabisa. Tuliletewa juisi ya ukwaju iliyopoa vizuri.

Pilau ilizipita sahani zote. Mchele ulisimama mmojammoja, bizari ya pilau ilitwangwa siku hiyohiyo, na kachumbari yake ilikuwa na embe mbichi lililokatwa kama vijiti vya kiberiti. Nilikwenda Tudor kutafuta Moshi na nikaongezewa mara mbili chakula cha Mombasa, jambo ambalo sikumsimulia mama yangu aliponipigia simu kutoka nyumbani, huku nyuma yake wajomba wakibishana kwa sauti juu ya mpaka wa shamba.

Ningeishia hapo na kuupa mkahawa huu alama ya wastani, ila kesho yake, tarehe 26, saa mbili asubuhi, simu yangu iliita. Mama mwenye mkahawa alikuwa ameihifadhi namba yangu kutoka kwenye malipo ya M-Pesa. Gari la Taveta lilikuwa limeingia usiku. Nilipofika kulikuwa na watu wanne tu, feni ile moja ikatutosha, na mtori uliletwa kwenye bakuli la bati: wa kijivu, mzito, hauna kipande hata kimoja cha ndizi kinachoonekana, kijiko kikisimama ndani yake chenyewe. Mama aliupika mwenyewe na kumpumzisha mpishi. Bakuli lilikuwa shilingi 250, pamoja na mfupa.

Kwa hiyo, kwa Mchagga au Mtanzania yeyote atakayebaki Mombasa Desemba ijayo, ushauri wangu ni kuilipia pilau ya tarehe 25 iwapo anapenda kukaa na watu, lakini mtori auwekee tarehe 26 asubuhi, na apige simu kwanza kuuliza kama mshare umefika. Aende na chombo chake chenye mfuniko. Mimi nilibebewa wa jioni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na nusu yake ilibaki kwenye kiti cha tuktuk.