Nakala ya mwenendo wa kesi: uchapaji safi, malipo yanaumiza

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za karani wa masjala, yule dada anajua kazi yake na hana majivuno.

Kwa ambao hamjawahi kukata rufaa, kwa kawaida kule juu mashahidi hawaitwi upya, majaji wanasoma tu yale yaliyosemwa kule chini, kwa hiyo bila nakala ya mwenendo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, unakuwa na malalamiko tu, rufaa huna. Na nakala inalipiwa kwa ukurasa. Kesi ya kaka yangu iliahirishwa weee mpaka tukazoea, kumbe kila ahirisho nalo linachapwa, "wakili wa upande wa pili hayupo, kesi itatajwa tena", ukurasa huo, lipia! Na mistari imeachana kama watu waliogombana. Unalipa kwanza kwa makadirio, kurasa zikizidi unaongeza, ukitaka ya haraka bei inapanda, na huku siku za rufaa zinakatika.

Uchapaji wenyewe sina neno, majina sawa, mihuri ipo. Ila pale shahidi wao mkuu alipobanwa maswali mpaka akaanza kujikanyaga, pameandikwa "haisikiki". Sote tulisikia jamani, ukumbi mzima! Na ukurasa huo nao tumeulipia.

Kilichoniudhi zaidi ni msamaha wa ada. Upo, unajaza fomu, unaapa kwamba huna uwezo, unaambatanisha ushahidi wa kipato, lakini dirishani hakuna tangazo wala mtu wa kukwambia, mpaka uulize wewe, na utaulizaje kitu usichojua kama kipo?

Halafu hili wala si jambo geni. Marekani, mwaka 1956, kesi ya Griffin na jimbo la Illinois, mahakama yao ya juu kabisa ilisema mfungwa maskini hawezi kunyimwa rufaa kwa sababu tu hana hela ya nakala, maana pale Illinois aliyekuwa anapewa bure ni aliyehukumiwa kifo tu. Mwaka 1996 ikaja ya mama mmoja wa Mississippi aliyevuliwa haki za mzazi kwa watoto wake wawili, akataka kukata rufaa, akaambiwa kuandaa kumbukumbu za kesi ni dola 2,352.36. Hakuwa nazo. Akashinda mahakamani, lakini fikiria, ilibidi suala la bili tu lifike mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Mkienda, ombeni kwa barua na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, itawasaidia siku zikibishaniwa. Ulizeni idadi ya kurasa kabla ya kutoa hela, na kama rufaa inagusa ushahidi wa mtu mmoja tu ulizeni kama mnaruhusiwa kuchukua sehemu hiyo peke yake. Fomu ya msamaha iombeni siku hiyohiyo ya kwanza, msisubiri kuambiwa.