Wiki 8 za mazoezi ya mapafu: uzoefu wangu

Nina ugonjwa sugu wa mapafu. Kwa miaka minne nilikwepa kila kinachonihemesha, hadi kuoga nikawa naoga nimekaa. Daktari aliponiandikia mazoezi ya tiba, mara 2 kwa wiki kwa wiki 8, niliogopa sana.

Siku ya kwanza walinipima kwa kutembea dakika 6 kwenye korido ya mita 30, kwenda na kurudi, kifaa cha kupimia oksijeni kikiwa kidoleni. Nilisimama mara mbili nikashika ukuta. Mita 240.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakunihimiza nikaze mwendo. Alinionyesha kipimo cha kuhema, 0 (huhemi kabisa) hadi 10 (unahema kupita kiasi). “Mzee wangu, tunatafuta 3 au 4. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.” Maneno hayo yalinitoa hofu, maana nilidhani kila nikihema mapafu yanazidi kuharibika. Kumbe mazoezi hayaponyi mapafu. Yanaimarisha misuli, hasa ya miguu, itumie oksijeni vizuri, na kazi ileile ikuhemeshe kidogo kuliko awali. Alinifundisha pia kutoa pumzi polepole, midomo imebanwa, kama unayeuyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima. Hadi leo napanda ngazi hivyo.

Wiki ya 4 kifua kilibana, nikakosa vipindi vitatu. Nilipopata nafuu niliona aibu kurudi, nikaamua basi tena. Ndipo mtaalamu yule akanipigia simu. Hakuuliza kwa nini sikuja. Aliuliza makohozi yana rangi gani na dawa ya kuvuta naitumiaje, kisha akasema, “Njoo, tutaanza na nusu ya dakika ulizokuwa unafanya.” Bila simu ile nisingerudi, na nasema hivyo kwa dhati. Nilimaliza na mita 295.

Lawama yangu ni moja. Wiki ya 8 ilipokwisha, walitupa cheti na kutuaga. Hakuna aliyepiga simu tena, na wanajua kabisa kwamba ukiacha mazoezi nguvu hupotea ndani ya miezi. Tulibaki watatu wa kundi letu tukapeana namba. Tunatembea pamoja, kila mtu na daftari lake: tarehe, dakika, namba ya kuhema. Asiyefika anapigiwa siku hiyohiyo.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ukipelekwa kwenye mpango kama huu, nenda, ila uliza mapema nani atakufuatilia wiki ya 9.