Darasa la kompyuta lililomkimbiza mwanangu chini ya meza

Nilitaka kuwapa nyota moja, nikapoa. Sasa naandika na hasira zimerudi.

Ni darasa la watoto hapa Mtwara, maeneo ya Shangani, jina nalihifadhi. Likizo iliyopita nililipa elfu arobaini. Kabla ya kulipa niliwaambia waziwazi: mwanangu ana miaka saba, ana usonji, makelele hayawezi. "Ondoa shaka mama, tumezoea." Mmezoea nini?

Programu wanayotumia, mtoto akikosea inapiga honi. Honi hasa, kama lori la korosho linaomba njia. Ya kwanza, mwanangu kaziba masikio. Ya pili, yuko chini ya meza. Nikaomba wazime sauti, basi. Mwalimu akanijibu, nikizima watajuaje wamekosea? Halafu mbele ya wazazi wote: "Mama, huyu hana nidhamu, mpeleke kwa wenzake." Wenzake gani, na hao aliokaa nao ni kina nani?

Nilitoka mbio hata mfuko wangu wa ming'oko nikausahau kwenye benchi.

Ila haki yake nimpe binti msaidizi. Alitukimbilia mpaka kwenye bajaji: "Mama samahani, mjaribishie ScratchJr, ni ya bure." Kumbe ni programu ya kuwafundisha watoto wadogo kuprogramu, nikaiweka kwenye tableti yangu kuukuu. Haina maneno ya kusoma, ni vipande vya rangi unavipanga kwenye mstari: cha njano cha kuanzia, vya bluu vya kumtembeza paka wa kwenye skrini, chekundu cha kumalizia. Mwanangu alipanga vya bluu kumi na vinne, akivihesabu kwa kidole, akabonyeza bendera ya kijani. Paka akaenda. Akacheka! Vya kijani vya sauti hakuvigusa wiki nzima, kisha siku moja nikakuta amerekodi. Amerekodi feni yetu. Paka anatembea, feni inavuma, na yeye ametulia tuli.

Kwa hiyo nyota mbili, zote za binti yule. Hela yangu hawajarudisha, kila nikipiga wananiambia bosi kasafiri.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya darasa, na mwanangu ratiba haibadilishi. Jumamosi iliyopita saa tatu kamili alishavaa viatu, amesimama mlangoni na tableti kwapani, anasubiri bajaji. Nimepiga simu tena. Safari hii sikuuliza hela, nimeuliza kama ile honi wameizima.