Uzoefu wangu na chambo cha njuga: besi wa Texas, Septemba hadi Novemba

Chambo ninachokizungumzia ni kile cha plastiki ngumu chenye umbo la samaki bapa, kisicho na ulimi (kile kibamba cha kukizamisha) mbele. Tundu la kufungia mshipi liko mgongoni, na tumboni mna gololi ndogo zinazolia kama njuga ukikivuta. Madukani huku Marekani ukiuliza lipless crankbait utaonyeshwa ukuta mzima, na wavuvi wengi wa Texas huviita vyote Trap, kutokana na ile Rat-L-Trap ya Bill Lewis iliyovipa umaarufu. Ninachokitumia zaidi ni cha nusu aunsi, yaani gramu 14, kwa samaki aitwaye besi wa mdomo mpana (largemouth bass) katika mabwawa ya mashariki mwa Texas, Sam Rayburn hasa. Kwa majira haya ya majani kupukutika, mwenye hela ya chambo kimoja tu ningemwambia anunue hiki. Ila ajue mapema kwamba ukikitupa na kukizungusha mwendo mmoja mpaka kwenye boti, utapata samaki wachache kuliko kinavyoweza kukupa. Besi hukivamia kinapobadilika ghafla: kinapochomoka kwenye majani au kinapoanza kuzama.

Sababu yake ni shadi. Hawa ni samaki wadogo, bapa, weupe wa kung'aa, wa ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma (dagaa wa Mwanza ni ukoo mwingine kabisa). Maji yakianza kupoa, makundi ya shadi huondoka kwenye maji makuu ya bwawa na kupanda vijito, wakisogea siku hadi siku kuelekea kule kijito kinakoishia. Besi huwafuata nyuma na kula bila kupumzika kabla ya baridi. Kundi likitembea hivyo, leo liko hapa, kesho liko mita mia nne mbele. Ndipo uzito wa chambo hiki unapokuwa na faida: kinaruka mbali hata upepo ukikupiga usoni, kinazama haraka, na unaweza kupekua eneo kubwa la maji asubuhi moja. Katika kundi la shadi, besi humwona yule anayelegea, kuyumba na kuanguka, na chambo bapa huanguka vivyo hivyo, kikitetemeka ubavuni.

Angalia joto la maji kabla ya kalenda. Septemba mwanzoni mashariki mwa Texas maji bado yako nyuzi 28 za Selsiasi au zaidi, na wakati huo chambo cha juu ya maji alfajiri hukishinda hiki. Likishuka kufikia nyuzi 24, anza kukitoa kwenye kasha. Kati ya 21 na 13 (kwa vipimo vya boti za huku, Farenihaiti 70 hadi 55) ndio wakati wake hasa. Chini ya 10 bado kinavua, lakini kwa mwendo wa polepole sana, na hapo mimi huhamia kwenye jigi (ndoana yenye kichwa kizito cha risasi).

Katikati ya msimu kuna kipindi watu hukata tamaa. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yanazama na kuchanganyika na yale ya chini ambayo kiangazi kizima hayakupata hewa. Utayajua kwa rangi ya kahawia isiyotokana na mvua, vipande vya uozo vinavyoelea, na wakati mwingine harufu ya tope. Samaki wa maji makuu hutawanyika na kugoma. Usibadilishe chambo, badilisha mahali. Mwisho wa kijito, ambako kina hakizidi mita mbili, maji hayakuwahi kujigawa tabaka, kwa hiyo hayana cha kuchanganyika. Shadi wako huko hata hivyo.

Sasa namna ya kukitumia. Rayburn ina gugu la majini liitwalo haidrila, nalo ndilo linalonifanya nikipende chambo hiki. Tafuta mahali penye kina cha mita moja na nusu hadi mbili na nusu, ambapo vilele vya majani vimebakiza nusu mita mpaka karibu mita moja ya maji juu yake. Tupa, inua ncha ya fimbo, zungusha kwa kasi ya wastani mpaka usikie chambo kikigusa vilele. Kitanasa. Hapo ndipo wengi huharibu kwa kukivuta polepole, na kuvuta polepole hukunja jani likaizunguka ndoana, ukarudisha fungu la mboga. Legeza mshipi kidogo, kisha kivute ghafla kwa kifundo cha mkono, mara moja, kwa nguvu. Chambo huchomoka, huruka karibu nusu mita na kuanza kuanguka, na pigo huja hapo hapo, mara nyingi kabla hujashika tena mpini wa rili. Kama halikuja, kiache kianguke sekunde moja ndipo uendelee.

Kipimo changu ni hiki: kikirudi na jani kila mtupo, uko chini mno, inua fimbo au shuka hadi robo aunsi. Kikirudi safi mitupo kumi mfululizo, uko juu mno, hata kama unajisikia vizuri kwamba hakinasi. Jani moja kila mitupo mitatu au minne ndiyo mahali pake.

Pasipo na majani, kwenye kona za mkondo wa zamani wa kijito penye kina cha mita mbili na nusu hadi nne, kiache kizame mpaka chini. Cha nusu aunsi huzama takriban sentimita 30 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu, na ukishajua chini ni hesabu ya kumi na moja, chambo kikikoma kwenye saba usingoje, kuna samaki. Kikifika chini, inua fimbo kutoka usawa wa kiuno hadi juu ya bega kwa mkupuo mmoja, kisha kishushe huku ncha ya fimbo ikikifuata. Kazi yote iko katika huo ushushaji. Mshipi ukiwa umekazwa, chambo hakianguki, kinapiga bembea kuja upande wako na mtetemo unapotea. Ukiwa umelegea kabisa, hutasikia pigo, na ndoana ya mbele itajisokota kwenye mshipi. Unataka ulegee kidogo tu, upinde wake uuone juu ya maji. Pigo lenyewe mara nyingi halisikiki kama pigo. Unapoinua tena unakuta uzito.

Kukizungusha kwa kasi kuna wakati wake: shadi wanaporukaruka na ndege wanapopiga mbizi. Tupa ng'ambo ya kundi, usitupe katikati, ukipitishe chini yao. Besi wakubwa hukaa chini wakiokota walioumia.

Kasoro zake ni za kweli, na kubwa kuliko zote ni kupoteza samaki. Chambo ni kizito na kiko nje ya mdomo, kwa hiyo besi akiruka na kutikisa kichwa, ule uzito unafanya kazi ya wenzo na kupanua tundu la ndoana. Watu hujibu kwa kuvuta zaidi, ndipo wanapomalizia kumpoteza. Fimbo ngumu ya grafaiti tupu haifai. Tumia ya mita 2.1 yenye mchanganyiko wa faibaglasi, inayopinda mpaka karibu katikati, ili ichukue yale matikisiko. Ukipigwa usikurupuke kukaza. Endelea kuzungusha na uipeleke fimbo pembeni. Ukiona mshipi unapanda juu, maana yake anataka kuruka: ncha ya fimbo ishuke mpaka iguse maji.

Mshipi wangu ni flurokaboni ya pauni 15, na 17 penye haidrila nene. Wa kusuka hukata majani vizuri, lakini haunyumbuki hata kidogo, na kwa ndoana ndogo kama hizi unararua mdomo. Nailoni nayo hunyumbuka mno, ule mvuto wa ghafla wa kukichomoa unafia njiani. Flurokaboni ilowanishe kwa mate kabla ya kukaza fundo, la sivyo inajiunguza na kukatika kwenye fundo lenyewe. Baada ya kuvua kwenye visiki, pitisha vidole kwenye nusu mita ya mwisho. Ikikwaruza, kata ufunge upya. Rili yenye uwiano wa 6 hadi 7 kwa 1 (mpini ukizunguka mara moja, kigurudumu cha mshipi huzunguka sita hadi saba) inatosha.

Ndoana za kiwandani kwenye vingi vya bei ya chini ni hafifu. Zijaribu kwenye ukucha wa gumba: ncha ikiteleza badala ya kung'ang'ania, ibadilishe. Kwa nusu aunsi naweka za meno matatu namba 4 mbele na nyuma, shina fupi. Namba 2, ambayo ni kubwa zaidi, mbele inakubalika ukiwa kwenye majani, lakini kwanza kivute ubavuni mwa boti uone kama bado kinatetemeka, na hakikisha ndoana ya mbele na ya nyuma hazifikiani, zikifikiana zitashikana kila mtupo. Nunua koleo ya kufungulia pete inayoshika ndoana. Kisu kitakukata kidole na kuipinda pete.

Kasoro nyingine ni magogo. Ndoana sita zilizo wazi kwenye matawi ni kujitakia hasara. Huko chukua spinabeti (chambo cha waya chenye kibamba kinachozunguka) nyeupe ya nusu aunsi, au chambo cha ulimi wa mraba kinachojigonga na kuruka. Kikinasa usivute. Legeza mshipi na utikise ncha, uzito wa chambo wenyewe mara nyingi hukinasua. Ikishindikana, peleka boti upande wa pili wa kigogo. Kikigonga mwamba au gogo mara nyingi, gamba hupata ufa na maji huingia. Kitikise sikioni: sauti ikiwa nzito na ya maji, kimekwisha, kitazama kimeinama upande.

Rangi nisirefushe. Jua kali na maji maangavu: fedha yenye mgongo wa bluu. Mawingu: nyeupe ya lulu. Maji ya tope baada ya mvua: dhahabu yenye mgongo mweusi. Ile nyekundu utakayosifiwa dukani iweke mpaka Februari na Machi, besi wanapokula kamba wa matope. Kwa msomaji wa Kenya, mambo ni kinyume: besi wa Naivasha walitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini ziwa halina shadi wala halina majira haya ya kupoa, na kamba mwekundu yupo humo tangu 1970. Huko ningeanza na nyekundu, wala nisingefuata ratiba ya joto niliyoieleza juu.

Bei ni kati ya dola 6 na 10 hivi. Ukinunua viwili, kimoja kiwe cha kelele na kingine cha kimya, maana kijito kilichopitiwa na boti nyingi kutwa nzima huwa na besi waliochoka njuga. Kuanzia umri wa miaka 17 Texas inakutaka uwe na leseni ya Texas Parks and Wildlife. Kanuni ya jumla ni besi wa mdomo mpana watano kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14 (sentimita 35.5), ila baadhi ya maziwa yana kanuni zake, Lake Fork, kwa mfano, wa inchi 16 hadi 24 lazima warudishwe majini.

Na wakati wa kumtoa: besi akiwa ameshikwa na ndoana ya nyuma, ile ya mbele inaning'inia wazi karibu na mkono wako. Iangalie iko wapi kabla ya kutia gumba mdomoni mwake. Kama huioni, tumia wavu, mwache atulie humo, na utoe ndoana kwa koleo ndefu akiwa bado ndani ya maji.