Programu ya mishahara kwa biashara ndogo Kenya: ninavyozipanga, kutoka ya kununua hadi ya kukwepa

Desemba 2024 mteja wangu mmoja wa Nakuru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na wafanyakazi 14, alilipa mishahara tarehe 20 ili watu wapate nauli ya kwenda ushago kwa Krismasi. Wiki moja baadaye, tarehe 27, sheria mpya ya kodi ikaanza kutumika. SHIF, yaani makato ya bima ya afya, na tozo ya nyumba sasa zinatolewa kwanza kabla ya kukokotoa PAYE, kodi ya mshahara, na nafuu za zamani zikafutwa. KRA, mamlaka ya kodi, ikasema hesabu hiyo ianze na mishahara ya Desemba hiyo hiyo. Slipu zote 14 zikawa na makosa, na pesa zilishaliwa pamoja na mbuzi.

Programu aliyokuwa amenunua, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilikuja kusasishwa mwishoni mwa Januari. Ritani ilitakiwa tarehe 9. Usiku wa tarehe 8 nilikuwa jikoni kwangu na Excel, nikikokotoa kodi ya watu 14 kwa mkono, ilhali mteja alikuwa ameilipia programu ile mwaka mzima.

Tangu siku hiyo muuzaji wa programu ya mishahara namuuliza swali moja kabla ya bei: "Ile sheria ya Desemba 2024, mliiweka lini?" Anayeijua kazi yake anakutajia tarehe. Anayekuzungusha na kuanza kukuonyesha dashibodi yenye rangi, maliza chai yake uage.

Na si kwamba Desemba ile ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Hesabu tu: Februari 2023 NSSF, mfuko wa pensheni, ilianza viwango vipya, na kila Februari iliyofuata vikapanda. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba, Januari 2024 mahakama ikaisimamisha, Machi 2024 ikarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka na ngazi zake za shilingi 150 hadi 1,700, ikaingia SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Kwa hiyo unaponunua programu hizi, unachonunua hasa ni mtu wa kukaa macho sheria ikibadilika. Ndicho kipimo nilichotumia kuzipanga hapa chini.

1. Programu za mtandaoni zilizotengenezwa kwa sheria za Kenya

Ukiwa na wafanyakazi kuanzia watano hivi hadi hamsini, anzia hapa. Workpay na Wingubox ziko kundi hili, na zipo nyingine. Sheria ikibadilika wanabadilisha wao upande wao, nawe ukifungua asubuhi unakuta viwango vipya. Kwa kawaida unalipa kwa mwezi, kwa idadi ya vichwa. Uliza mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye tangazo: kama kuna ada ya kukuanzishia, kama VAT ya asilimia 16 iko ndani ya bei, na kama mfanyakazi aliyeacha kazi bado anahesabiwa kichwa.

Jambo la kukagua kwa macho yako ni mafaili. Programu nzuri inakutolea faili la P10 (ritani ya PAYE ya kila mwezi) la kuingiza kwenye karatasi ya KRA, la NSSF, la SHA inayosimamia SHIF, na la benki au M-PESA ya kulipa watu wengi kwa pamoja. Usikubali kuambiwa "linatoka". Mwambie alitoe mbele yako, kisha uliingize kwenye karatasi ya P10 na ubonyeze kuhakiki. Nimeona programu inayotoa slipu nzuri ya kutundika ukutani, lakini mhasibu anakaa kuandika P10 mstari kwa mstari. Hapo umenunua mashine ya kuchapisha slipu, basi.

Ubaya wa kundi hili unaonekana siku usipolipa. Akaunti inafungwa na slipu zako zote ziko ndani, na sheria ya taratibu za kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Kila mwezi pakua nakala ya Excel na ya PDF, weka mahali pako.

2. Mhasibu wa nje anayekufanyia mishahara

Hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nisome kwa tahadhari. Lakini kwa saluni ya watu watatu au kibanda cha chakula chenye wanne, sioni sababu ya kununua programu. Mlipe mtu kwa mwezi. Muulize anatumia programu gani, maana wengine wanapokea ada ya kitaalamu na kufanya kazi kwa karatasi waliyorithi. Nywila ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ibaki yako, na barua pepe iliyosajiliwa huko iwe yako, isiwe yake. Nimeshuhudia mwenye biashara akimbembeleza mhasibu waliyekosana naye ampe ufunguo wa akaunti yake mwenyewe.

3. Excel

Watu wanaidharau bure. Ukiwa na wafanyakazi wanne wenye mshahara usiobadilika, nawe unaelewa fomula, inatosha kabisa na haina ada ya mwezi. Taabu yake ni kwamba haikuambii imekosea. Namba ya simu 0722 inageuka 722 kwa sababu Excel inameza sifuri ya mbele, na faili la malipo linakataliwa. Fomula inavutwa chini, inaruka mstari mmoja, mtu mmoja anakatwa kodi ya jirani yake. Na ile karatasi ya bure inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, fungua fomula zake kwanza. Bado nakutana na zenye NHIF.

4. Moduli ya mishahara ndani ya programu kubwa

Kama stoo na mauzo yako tayari yako kwenye Odoo au Sage, kuongeza mishahara humo kuna mantiki, maana gharama inaingia vitabuni yenyewe. Odoo ina mishahara ya Kenya katika toleo lake la kulipia. Frappe HR ni ya bure na huria, na fundi wa kompyuta atakusifia sana. Lakini kanuni za makato unaziandika wewe, na Februari NSSF ikipanda unazibadilisha wewe. Kununua mfumo mzima kwa ajili ya mishahara ya watu wanane ni kununua basi la kumpeleka mtoto mmoja shule.

5. Programu ya kulipia mara moja, inayokaa kwenye kompyuta moja

Muuzaji atakwambia hakuna ada ya mwezi. Kweli, ila kila mabadiliko ya sheria fundi anakuja na flashi na ankara. Kompyuta ikiibwa, mishahara imeibwa. Ichukue tu ikiwa biashara yako iko mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha, na mkataba wa sasisho uwe umeandikwa.

6. Programu za nje zisizoijua Kenya

QuickBooks ni hodari kwa vitabu vya hesabu, na wahasibu wengi hapa wanaipenda. Huduma yake ya mishahara lakini haikutengenezwa kwa PAYE na NSSF zetu. Watu huinunua wakidhani vyote viko ndani. Tumia kwa vitabu, mishahara itafutie kwingine.

Ijaribu kwa watu wanne wa uongo

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba siku za majaribio uingize wafanyakazi wa kubuni ambao majibu yao unayajua.

Wa kwanza ana mshahara ghafi wa 50,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF ni 3,000, SHIF 1,375, tozo ya nyumba 750. Toa zote tatu, inabaki 44,875 ya kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za mwanzo kwa asilimia 10 ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25 ni 2,083.25. Zilizobaki 12,542 kwa asilimia 30 ni 3,762.60. Jumla 8,245.85, toa nafuu binafsi ya 2,400, PAYE ni 5,845.85. Mkononi anapata 39,029.15. Programu ikikupa PAYE ya 6,483.35, ujue ilifuta nafuu za zamani ikasahau kutoa SHIF na tozo ya nyumba kwanza. Inamla mfanyakazi wako 637.50 kila mwezi, na atakayelaumiwa ni wewe. Angalia pia upande wa mwajiri: NSSF 3,000, nyumba 750 na tozo ya mafunzo ya NITA 50, yaani mtu wa 50,000 anakugharimu 53,800.

Wa pili analipwa 10,000. Asilimia 2.75 ni 275, lakini SHIF haishuki chini ya 300.

Wa tatu analipwa 120,000, kwa ajili ya kikomo cha NSSF, kilichopanda Februari 2026. Januari 2026 akatwe 4,320, Februari 2026 akatwe 6,480. Huyu ndiye anayewaumbua wengi.

Wa nne umpe advansi, mkopo wa sacco na mkopo wa masomo wa HELB mpaka makato yapite theluthi mbili ya mshahara wake. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu, na programu inapaswa kupiga kelele. Ikinyamaza na kumlipa mtu 900, iache.

Ukiwa na vibarua wa kutwa, jaribu na huyo pia: siku 11, kwa kiwango cha siku. Programu nyingi zinamjua mtu wa mwezi tu. Tena kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, sheria humhesabu kama wa mwezi.

Kuianzisha

Kinachochelewesha ni majina. Kusanya kwa kila mtu jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF, ya SHA, na akaunti au simu ya malipo. Usikubali kuandikiwa PIN kwa mkono, omba cheti chenyewe. PIN ya mtu huanza na herufi A, zinafuata tarakimu tisa, kisha herufi ya mwisho. Nusu ya PIN zinazokataliwa mikononi mwangu mtu ameandika herufi O pahali pa sifuri.

Mwezi mzuri wa kuanza ni Januari, kwa sababu P9 ya mfanyakazi, cheti cha mshahara na kodi yake, inahesabu mwaka mzima. Ukianza katikati, ingiza jumla za miezi iliyopita, la sivyo Juni watu watakujia mlangoni na P9 pungufu wakati wa kufaili ritani zao.

Miezi miwili ya kwanza endesha mpya na ya zamani sambamba, ulinganishe mtu kwa mtu. Usilinganishe jumla peke yake, kwani makosa mawili hufichana. Aliyetayarisha mishahara asiwe anayebonyeza kulipa, hata kama mko wawili tu ofisini na mwingine ni mkeo. Wafanyakazi hewa hawako serikalini tu.

PAYE, NSSF na SHIF zinadaiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na tozo ya nyumba kufikia siku ya tisa ya kazi. Kuchelewesha ritani ya PAYE ni faini ya asilimia 25 ya kodi au 10,000, ile iliyo kubwa. Wateja wangu nawawekea tarehe 5 iwe ndiyo tarehe 9 yao, maana usiku wa tarehe 8 iTax huwa na foleni kama stendi ya matatu Ijumaa jioni.