Chumba cha Kupanga Mjini Kisumu au Meza katika Ofisi ya Pamoja?

Tangu mwaka 2020, janga la korona lilipowazoesha wengi kufanyia kazi nyumbani, swali hili haliishi miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Kisumu: mtu apange chumba chake katika Barabara ya Oginga Odinga, au alipie meza tu katika ofisi ya pamoja, yaani ukumbi wa kazi unaotumiwa na watu wa biashara mbalimbali?

Kwa gharama, meza hushinda waziwazi. Anayepanga chumba hutoa amana, kodi ya pango, ada ya huduma na, mwenye jengo akiwa amesajiliwa kuitoza, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, hata katika wiki ambazo wafanyakazi wake wote wako nyumbani. Matunzo ya ofisi ya pamoja nayo si mzigo wa mwenye meza.

Kuhusu kutegemewa, nasita. Stima ikipotea, ofisi ya pamoja yenye jenereta huendelea na kazi, lakini faragha ni haba: nimemwona wakili akishuka ngazi hadi varandani, simu sikioni na faili kwapani, ili mambo ya mteja wake yasisikike meza ya pili. Huyo anahitaji mlango unaofungwa. Mwandishi wa programu za kampuni ya ng'ambo hauhitaji.

Kinachoniuma ni mama auzaye chai na mandazi chini ya jengo, ambaye Ijumaa hajazi tena birika la pili, kwa kuwa wateja wake wa ofisini wako nyumbani. Basi, ikiwa wateja wako huja kwa miguu kutoka stendi, chumba cha mjini bado kina thamani, na vyumba jirani vikiwa vitupu, una nguvu ya kuomba upunguziwe kodi ya pango.